Mwamtaka Putin wenu? Waulizeni Warusi kwanza



Juzi baada ya sala ya Isha tulikaa barazani kama kawaida yetu, kahawa chungu na kashata zikizunguka. Mazungumzo yakaishia pale yanapoishia siku hizi: bei ya unga, kodi, ufisadi, na vijana wanaonyang'anya watu simu mchana kweupe. Kijana mmoja wetu, dereva wa tuktuk, akachoka kusikiliza. Akasema, "Nchi hii yataka mtu kama Putin. Miaka miwili tu. Mwizi akamatwe, midomo ifungwe, kazi ifanyike." Vichwa vingi vikatikisika kukubali. Changu pia kilitikisika kidogo, sitaficha.

Pembeni alikuwa mzee wetu mmoja aliyesomea uhandisi kule wakati nchi ikiitwa bado Muungano wa Kisovieti. Kijana akamgeukia: "Ami, wewe umeishi kwao. Si kweli Warusi wanampenda mtu mkali?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mkali hawampendi. Waogopa siku ambayo hatakuwepo."

Jibu lile lilinikaa moyoni wiki nzima. Nimekuwa nikisoma habari za Urusi tangu vita vya Ukraine vilipoanza, na naona mengi tunayoletewa ni ya aina mbili. Kuna wanaosema Mrusi amezaliwa mtumwa, hajui uhuru na hautaki. Na kuna zile video za simu zinazotuonyesha taifa zima limesimama nyuma ya shujaa mmoja aliyepanda farasi. Zote mbili zinatunyima jambo lenye faida kwetu, yaani namna watu wa kawaida, wenye akili zao na watoto wao, wanavyofika mahali pa kumkabidhi mtu mmoja kila kitu. Wacha leo tulieleze hilo, kwa sababu vijana wetu wameanza kulitamani.

Maneno mawili ya uhuru

Tuanze na lugha, maana lugha huficha historia. Kwa Kirusi, dola huitwa "gosudarstvo". Neno hilo limetoka kwa "gosudar", yaani bwana, mtawala mwenye mali yake. Basi kwa asili ya neno, dola ni milki ya bwana. Sisi neno letu "serikali" lilitoka kwa Waajemi, na mzaha wa mitaani kwamba serikali ni "siri kali" tunaujua sote. Kila watu wana mzaha wao juu ya mamlaka.

Kwa uhuru, Warusi wana maneno mawili. La kwanza ni "svoboda", ambalo ndilo linaloandikwa katika sheria na katiba. La pili ni "volya", na hili ndilo linalowagusa moyo. Volya ni uhuru wa nyikani: kukimbia mbali na bwana, mbali na mtoza kodi, ukaishi upendavyo ambako hakuna mkono unaokufikia. Neno hilo hilo lina maana ya matakwa au utashi wa mtu.

Kwa nini nyikani? Kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi. Sheria ya mwaka 1649 iliwafunga wakulima wa Urusi katika ardhi ya mabwana zao, wao na vizazi vyao. Baadaye wakawa wakiuzwa na kununuliwa, wakati mwingine hata bila ardhi yenyewe. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1861, Tsar Alexander wa Pili alipowaacha huru watu zaidi ya milioni 20. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana maana yake. Neno letu "uhuru" latokana na Kiarabu "hurr", mtu asiye mtumwa, na wazee wa mababu zetu walijua vizuri nani alikuwa huru na nani hakuwa.

Tatizo la volya ni kwamba haimlindi mnyonge. Ukikimbilia nyikani, mwenye panga refu ndiye mwenye haki. Kwa hiyo Mrusi wa kawaida, kwa karne nyingi, alijua mambo mawili tu: bwana anayekutawala, au fujo ambako kila mtu ni bwana. Njia ya tatu, ambapo sheria inamfunga hata mtawala na kumlinda hata muuza samaki, haikupata muda wa kuota mizizi.

Fitna iliyoacha alama

Hofu ya Warusi juu ya fujo si hadithi ya kutungwa. Katika karne ya 16 alitawala Ivan wa Nne, aliyejiita tsar wa kwanza mwaka 1547. Wengi wanamjua kama Ivan wa Kutisha. Ndiye aliyeuteka mji wa Kazan mwaka 1552 na kuumaliza utawala wa Waislamu wa Kitatari pale. Baadaye akawageukia watu wake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1565 aliunda kikosi cha wapanda farasi waliovaa nguo nyeusi, wakaua na kupora familia za wakubwa waliotiliwa shaka. Inaelezwa kwamba hata mwanawe na mrithi wake alimuua kwa mkono wake katika hasira.

Alipokufa mwaka 1584 aliacha mtoto dhaifu, na huyo alipokufa mwaka 1598 bila mrithi, nchi ikaporomoka. Ikaja njaa kubwa ya mwaka 1601 hadi 1603. Wakatokea wanaume wakidai kuwa ni mwana wa mfalme aliyenusurika kifo. Majeshi ya Wapolandi yakaingia Moscow mwaka 1610. Warusi wanakiita kipindi hicho "Smuta", na kwa maana na uzito wake, neno letu linalolingana nalo ni fitna.

Fitna ile iliishaje? Mfanyabiashara wa nyama wa mji wa Nizhny Novgorod, Kuzma Minin, alichangisha fedha kwa raia wenzake, wakaunda jeshi la kujitolea chini ya Pozharsky, wakawafukuza Wapolandi mwaka 1612. Mwaka uliofuata baraza la watu wa tabaka mbalimbali likamchagua kijana wa miaka 16, Mikhail Romanov, awe tsar. Tangu mwaka 2005, tarehe 4 Novemba ni sikukuu ya taifa kwa kumbukumbu hiyo.

Hadithi hii inaweza kusomwa kwa namna mbili. Watawala wa Urusi huisoma hivi: mkono wa mtawala ukilegea, nchi inaliwa na maadui. Lakini waweza kuisoma kwa upande wa pili: aliyeleta fitna ni yule mkali mwenyewe, kwa sababu alivunja kila kitu kilichosimama kati yake na raia, na alipoondoka hapakubaki kitu cha kushikilia nyumba. Na walioiokoa nchi ni raia waliojipanga bila tsar yeyote. Karne zote hizo, mwenye kuandika vitabu vya shule ndiye aliyechagua usomaji upi uwafikie watoto.

Shika hilo, maana litarudi.

Tsar mwema, watumishi wabaya

Warusi wana methali: Mungu yuko juu, na tsar yuko mbali. Maana yake, anayekunyanyasa ni mdogo aliye karibu nawe, karani, askari, gavana. Laiti mkubwa angejua, angekuokoa.

Imani hiyo iliwagharimu damu. Jumapili moja ya Januari 1905, maelfu ya wafanyakazi wa St Petersburg na familia zao waliandamana kwenda kwenye kasri la Tsar Nicholas wa Pili. Walibeba picha za kidini na picha za tsar mwenyewe, na barua ya kumwomba awatetee dhidi ya matajiri wa viwanda. Wanajeshi wakawapiga risasi. Mamia walikufa au kujeruhiwa. Siku ile picha ya baba mwema ilipasuka, na miaka 12 baadaye ufalme wenyewe ukaanguka.

Lakini imani ile haikufa. Tangu mwaka 2001 Putin amekuwa na kipindi cha televisheni ambapo wananchi wanapiga simu na kueleza shida zao kwa saa kadhaa. Mama analalamika barabara mbovu, na baadaye matingatinga yanafika. Watu wanafurahi. Wachache wanauliza kwa nini barabara ya kijiji ihitaji rais. Kwa mpango huo kila sifa inapanda juu na kila lawama inateremka chini.

Msomaji, kama hujawahi kusikia hapa kwetu mtu akisema "mheshimiwa mwenyewe hana ubaya, ni hawa wanaomzunguka," basi huishi Pwani.

Karne ya misiba

Karne ya 20 iliwathibitishia Warusi hofu zao zote mbili, ya fujo na ya mtawala. Mwaka 1917 tsar aliondoka. Bunge la kuandika katiba lililochaguliwa na wananchi lilikutana siku moja tu, Januari 1918, kisha Wabolshevik wakalifunga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa iliyofuata vikaua mamilioni.

Kisha akaja Stalin. Katika miaka miwili tu, 1937 na 1938, kumbukumbu za dola yenyewe zinaonyesha watu karibu 680,000 waliuawa kwa hukumu za kisiasa. Sisi Waislamu tukumbuke Februari 1944: Wachechen na Waingush karibu nusu milioni walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Asia ya Kati, wazee, wagonjwa na watoto wachanga, eti taifa zima limesaliti. Wengi walikufa njiani na katika miaka ya kwanza ya uhamisho. Mwezi Mei mwaka huo zamu ikawa ya Watatari wa Krimea.

Sasa utauliza, kwa nini basi bado wapo Warusi wanaomsifu Stalin? Kwa sababu chini yake ndipo walipomshinda Hitler, kwa gharama ya watu wa Muungano wa Kisovieti karibu milioni 27. Hakuna familia isiyokuwa na maiti wa vita ile. Ukiwaambia dola ilikuwa katili tu, wanasikia unawaambia babu yao alikufa bure. Jambo hili wageni wengi hawalifahamu. Kwa Mrusi, dola yenye nguvu ni ile iliyomuua jirani na ile iliyomwokoa yeye, na zote mbili ni dola moja.

Miaka ya tisini

Ukitaka kuielewa Urusi ya leo, miaka ya tisini ndiyo ufunguo. Mwezi Agosti 1991 wakubwa wa chama walijaribu kupindua serikali, na maelfu ya wakaazi wa Moscow wakatoka wakasimama mbele ya vifaru. Warusi walioutaka uhuru kwa vifua vyao walikuwepo, tusiwasahau. Mwezi Desemba Muungano wa Kisovieti ukaisha.

Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Boris Yeltsin iliacha bei zijipange zenyewe. Ndani ya mwaka huo mmoja bei zilipanda zaidi ya mara 25. Hebu fikiria akiba ya Hija aliyoiweka mama yako kwa miaka 30, kisha mwisho wa mwaka inunue viatu. Mzee wetu wa barazani alisimulia kwamba mwenzake waliyelala chumba kimoja chuoni, mhandisi wa viwanda vikubwa, alimwandikia kuwa sasa anauza soksi nje ya kituo cha treni.

Mishahara ilicheleweshwa miezi kwa miezi, na viwanda vingine viliwalipa wafanyakazi kwa bidhaa badala ya pesa. Kufikia mwaka 1994 wastani wa umri wa mwanamume wa Kirusi ulishuka chini ya miaka 58. Pombe, msongo, hospitali zisizo na dawa. Kila mwenye duka alihitaji "krysha", yaani paa, kundi la wahalifu la kumlinda dhidi ya makundi mengine. Wakati huohuo, watu wachache wenye kujuana na wakubwa walijipatia visima vya mafuta na migodi kwa bei ya kutupa.

Yote haya yalifanyika kwa jina la demokrasia. Ndiyo maana Warusi wengi walilipotosha neno lenyewe kwa mzaha, likasikika kama kinyesi. Na hapa kuna jambo lisilosemwa sana: yule yule Yeltsin aliyesifiwa nje kama baba wa demokrasia ndiye aliyelipiga bunge lake kwa vifaru mwezi Oktoba 1993. Miezi miwili baadaye ikapitishwa katiba inayosema haki na uhuru wa binadamu ni thamani ya juu kabisa, na inayopiga marufuku udhibiti wa vyombo vya habari. Katiba hiyo hiyo ikamwekea rais mamlaka makubwa mno. Kiti cha mtu mkali kilichongwa na mtu aliyeitwa mpenda uhuru. Mwenye kukikalia alikuja baadaye.

Mwezi Agosti 1998 serikali ilishindwa kulipa madeni na pesa yao ikaporomoka tena. Septemba 1999 majengo ya makaazi yakalipuliwa usiku, watu karibu 300 wakafa. Ndipo akaingia Putin, waziri mkuu mpya wa miaka 46, mkavu wa maneno, asiyelewa. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo aliandika makala akieleza kwamba kwa Mrusi dola yenye nguvu ndiyo chanzo cha utaratibu, si jambo la kupigwa vita. Siku chache baadaye akawa kaimu rais.

Mapatano yasiyoandikwa

Kilichofuata ni kama mapatano, ingawa hakuna aliyetia sahihi. Dola ilisema: mishahara na pensheni zitalipwa kwa wakati, majambazi watatoka barabarani, na ndani ya nyumba yako sitaingia. Safiri, nunua gari, fungua biashara, tumia intaneti. Wewe kwa upande wako, usiingie kwenye siasa.

Bei ya mafuta ikapanda, na kwa takriban miaka minane maisha yakaboreka kweli. Tuseme haki. Kwa Mrusi wa mwaka 2007 aliyekwenda Uturuki likizo na mkewe, kumwambia hana uhuru kulikuwa kama kumtania. Baba yake hakuwahi kuona pasi ya kusafiria. Uhuru wa maisha yake binafsi alikuwa nao kuliko wakati wowote. Alichokiacha ni uhuru wa kuuliza.

Na vilivyoondoka viliondoka kimoja kimoja. Mwaka 2001 kituo huru cha televisheni cha NTV kilichukuliwa na kampuni ya gesi ya dola. Mwaka 2003 tajiri Mikhail Khodorkovsky akakamatwa, na wengi walishangilia, kwani nani alimpenda tajiri? Mwaka 2004, baada ya magaidi kuivamia shule ya Beslan na watu zaidi ya 330 kufa, uchaguzi wa magavana ukafutwa. Mwaka 2012 mashirika yanayopokea msaada wa nje yakaanza kuitwa "mawakala wa kigeni". Kila mara ilikuwa zamu ya mtu mwingine.

Kwamba Warusi waliyachukulia haya kama mapatano, si ibada, tuliona mwaka 2018. Serikali ilipoongeza umri wa kustaafu, wanaume kutoka miaka 60 hadi 65 na wanawake kutoka 55 hadi 60, watu waliandamana katika miji mingi na umaarufu wa Putin ukashuka sana. Kwa mtumwa wa kuzaliwa, kama wanavyowaita wengine, hasira ile ingetoka wapi?

Siku mlango ulipogongwa

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine. Siku chache baadaye ikapita sheria ya kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa "habari za uongo" kuhusu jeshi. Diwani mmoja wa Moscow, Alexei Gorinov, alisema katika kikao kwamba haifai kufanya mashindano ya watoto ya kuchora huku watoto wanakufa vitani. Akahukumiwa miaka 7.

Septemba mwaka huo Putin akatangaza kuwaita vitani wanaume 300,000. Hapo mapatano yakavunjika: dola iliyoahidi kutoingia nyumbani iligonga mlango na kumchukua mtoto. Mamia ya maelfu walikimbia nchi, foleni za magari zikajaa mpaka wa Georgia. Ile volya ya kale, ya kukimbia, ikawa ndiyo uhuru pekee uliobaki. Mjini Makhachkala, Dagestan, wanawake wa Kiislamu walitoka barabarani wakakabiliana na polisi wakiuliza kwa nini watoto wao wachukuliwe.

Tena wapo waliosimama. Mwaka 2020 Wabashkir, Waislamu wa eneo la Ural, walikesha kwenye mlima wao wa Kushtau kuuzuia usichimbwe na kiwanda, na wakashinda. Mmoja wa viongozi wao, Fail Alsynov, alifungwa miaka 4 Januari 2024, na maelfu walijitokeza nje ya mahakama katika baridi kali. Mwezi uliofuata mpinzani Alexei Navalny akafia gerezani kaskazini ya mbali ya Urusi, na watu wakapanga foleni na maua makaburini wakijua kamera zinawarekodi.

Wengi walionyamaza, je, wanakubali? Sijui nani anaweza kusema kwa uhakika. Mtu asiyekujua akikupigia simu na kukuuliza kama unamuunga mkono rais, na unajua sentensi moja ina miaka 7, utajibu nini?

Turudi barazani kwetu

Wanazuoni wetu walijadili kwa karne nyingi lipi lizito zaidi, dhulma ya mtawala au fitna ya kukosa mtawala. Wengi wao waliiogopa fitna zaidi, na ukiangalia Somalia au Libya utaelewa kwa nini. Kwa hiyo simlaumu Mrusi wala yule kijana wa tuktuk. Anayetamani mkono mkali mara nyingi ni mtu aliyeachwa bila ulinzi wowote.

Ila Urusi yatufundisha kwamba dhulma na fitna si mizani miwili ya kuchagua. Moja humzaa mwenzake. Mkali huvunja mahakama, bunge, magazeti na jumuiya za watu, kwa hiyo akiondoka ni lazima nyumba ianguke, na ikianguka watu humlilia mkali mwingine. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Ivan, ndivyo ilivyokuwa chama pekee kilipoanguka mwaka 1991. Leo, baada ya kubadilishwa kwa katiba mwaka 2020, Putin anaweza kubaki hadi mwaka 2036, na hakuna anayejua nini kitafuata baada yake. Ile hofu aliyoitaja mzee, ya siku mkali hatakuwepo, imetengenezwa na mkali mwenyewe.

Nilipoonana tena na yule kijana nilimuuliza jambo moja: huo mkono mkali ukija, utaanza na nani? Hapa Pwani tunazo familia ambazo watoto wao walichukuliwa kwa jina la usalama, wakaonekana wamekufa au hawakuonekana tena. Mashirika ya haki za binadamu yana majina yao. Wakati ule pia kulikuwa na waliosema, "Polisi hawamchukui mtu bure." Mkono ule haukuanza Nairobi kwa wakubwa wenye magari ya vioo vyeusi. Ulianza kwa wenye ndevu na kanzu, katika mitaa yetu.

Na usidhani Urusi iko mbali. Mwaka 2025 serikali yetu yenyewe ilikiri kuwa Wakenya wamesajiliwa katika jeshi la Urusi, baadhi wakisema waliahidiwa kazi za kawaida. Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na simu ya mwanawe, akaniomba nisome ujumbe wa wakala: kazi ya ulinzi, mshahara mkubwa, tiketi bure. "Ustadhi, wewe umesoma, nimruhusu?" Nilimwambia, "Bi mkubwa, nchi ambayo wanaume wake wenyewe wamekimbia kazi hiyo, mwanao anaenda kulinda nini?" Alhamdulillahi, kijana yuko hapa, auza maji ya madafu.

Hatuna haja ya Putin ili mwizi wa simu akamatwe. Twahitaji kituo cha polisi kinachoandika malalamiko bila kuomba kitu kidogo, hakimu asiyeahirisha kesi miaka mitano, na diwani tunayeweza kumng'oa kwa kura. Ni kazi ya kuchosha, haina video za farasi, na lazima tuifanye wenyewe, kama yule muuza nyama wa Nizhny Novgorod na majirani zake.

Kijana hakukubali yote. Aliniambia, "Ustadhi, maneno mazuri, lakini simu yangu bado imeibwa." Ana haki. Mpaka tumjibu kwa vitendo, atazidi kumtafuta mtu wake mkali, na siku moja atampata.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshallah.